Raba, Paa na Mchuzi wa Karanga

Ninyi mnaorithi meza yangu pale warshani, naanza na jambo ambalo hakuna atakayewaambia siku ya kwanza: vaeni miwani. Raba ikikatika humrudia aliyekuwa anaivuta, na haipigi hodi. Nilikaa kwenye meza hiyo mpaka mabega yakagoma, na katika miaka yote hiyo nimechapwa na raba puani, masikioni, kidevuni, na mara moja, sijui mpaka leo kwa njia gani, mgongoni.

Kazi yetu ni ngumu kuieleza kwenye sherehe. Zamani mtu akiniuliza nafanya nini, nilisema, "Nipo kwenye mambo ya ndege." Hapo alijiweka sawa kitini na kuniuliza kama naweza kumpatia tiketi ya bei nafuu ya Dubai. Ikabidi nieleze. Ndege zenyewe ni za mti wa balsa, zimefunikwa plastiki nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na ni nyepesi kiasi kwamba ukipiga chafya zinahama meza. Hazina injini. Zina kitanzi cha raba tu, kinachosokotwa kwa keekee ya mkono mpaka kijae vinundu, na kinapojisokotoa ndipo kinapogeuza pangaboi. Tunazirusha ndani ya ukumbi, milango ikiwa imefungwa, bila kamba na bila rimoti. Ukishaiachia umeiachia. Naye akauliza, "Na wewe unafanya nini hapo?" "Mimi napima raba."

Hapo mazungumzo yalikuwa yanakufa. Jirani yangu wa Makindye ndiye pekee aliyeonyesha hamu. Kesho yake asubuhi alinigongea mlango akiwa na tairi ya bodaboda begani.

"Hajati," akasema, "nitazamie hii. Bado itafika Masaka?"

Hajati ni cheo nilichopewa kwa sababu ya mtandio. Mahali pa mbali zaidi nilipowahi kufika nikielekea Maka ni Jinja. Jina langu ni Zamzam, wa ukoo wa Kinubi, na ukoo wetu ulijulikana kwa malori. Nilisoma fizikia chuo kikuu nikiwa na nia ya kurusha roketi. Baba naye alinisomesha akiwa na nia nisimamie gereji. Nilipomwambia nimeajiriwa na warsha moja ya Kyambogo inayotengeneza vindege vya kufundishia fizikia mashuleni, aliguna, halafu akauliza:

"Vinabeba abiria wangapi?"

Sasa tuingie kazini. Raba inakuja kutoka ng'ambo ikiwa imepakwa poda kama mtoto mchanga. Ioshe kwa maji vuguvugu, ianike kivulini, na usiiweke kamwe karibu na dirisha, maana jua linaizeesha kuliko linavyotuzeesha sisi. Ukate kipande, uunge ncha zake kwa fundo. Kabla hujalikaza fundo, lilowanishe kwa mate. Fundo kavu linajisaga lenyewe na litakukatikia wakati mbaya. Vijana wenye vyeti husita hapo na kuuliza kama maji ya chupa hayafai. Yanafaa. Ila utakuwa umeshika ncha mbili kwa mikono miwili, chupa iko mezani na kifuniko chake kimekazwa, na ulimi wako uko palepale karibu.

Halafu kipimo chenyewe. Unakivuta kitanzi kwa mizani ya springi, polepole, mpaka kikakamae kama waya. Kisha unakiachia kirudi, polepole vilevile, ukiangalia bado kinavuta kwa nguvu kiasi gani kila kinapofupika. Jambo la kujali ni kile raba inachokurudishia, wala si kile ulichoipa. Kuna raba mlafi, unaipa nguvu zote za mkono wako na inakurudishia nusu tu, nusu nyingine imeigeuza joto na kujipasha. Nina shemeji wa aina hiyo.

Mwisho, katika kila sanduku, mnachagua vitanzi vichache vya kuuawa. Hivyo mnavisokota bila huruma mpaka vikatike, ili mjue ndugu zao wanaweza kubeba mizunguko mingapi. Wageni wakitembelea warsha hupenda sana sehemu hii. Sisi hatukuipenda, kwa sababu kila mara kitanzi bora kuliko vyote ni kile tulichokwisha kukiua.

Aliyenifundisha haya ni Papa Dido, fundi cherehani kutoka Bukavu. Alikuja Kampala akashona kanzu za kwaya mpaka mwenye warsha alipoona jinsi anavyoshika kitambaa chepesi, akamchukua avalishe mabawa. Kutoka kwenye mabawa akahamia kwenye raba, na akawa na njia yake mwenyewe ya kupima. Aliweka sikio karibu na kitanzi kilichokazwa, akakidonoa kwa kidole kama gitaa, akafumba macho.

"Hii iko inalia muzuri," alikuwa anasema. "Ongeza."

"Papa, mizani inasema imefika."

"Mizani haina masikio, dada Zamu."

"Na wewe huna namba."

"Namba ni ya nini? Weye ukiwa na njaa unapima tumbo?"

Tulibishana hivyo tangu wiki yangu ya kwanza. Alikuwa mwalimu wangu na mimi nikajifanya mwalimu wake, na hakuna hata mmoja wetu aliyefaulu mtihani wa mwenziwe. Msidhani nawaletea hadithi ya fundi cherehani aliyemzidi akili mwenye shahada. Sikio lake lilikosea mara nyingi kama mizani yangu. Tulipokezana tu zamu ya kukosea.

Chukueni habari ya mafuta. Raba ikisokotwa kavu hujikwaruza, kwa hiyo tunaipaka gliserini iliyochanganywa na sabuni ya maji. Msimu mmoja gliserini ilikosekana mjini. Mimi, kwa elimu yangu, nikasema mafuta ni mafuta, nikapaka sanduku zima yale mafuta ya mgando ya kupaka mwilini. Baada ya siku chache raba ilivimba na kulegea ikawa kama matoke yaliyosahauliwa motoni. Ungeweza kuila kwa kijiko. Papa Dido alinicheka mpaka akaketi chini. Kisha akachukua sanduku la pili, akalipaka shampuu ya nywele aliyoipata kwa dada mmoja wa saluni, shampuu ya asali, na ni kweli raba ikawa laini na ikalia vizuri sana. Asubuhi yake tulipofungua mlango tulikuta raba zetu zinatembea. Tulipovaa miwani tukaona ni sisimizi, kikosi baada ya kikosi, wanazihamisha kuelekea ukutani.

"Angalau za kwangu zimefika mahali," akasema Papa Dido.

Lakini yote hayo yangekuwa ya kuchekesha tu kama tusingekuwa na ukumbi wa Kansanga wa kuupoteza.

Mnaujua ukumbi huo, uko nyuma ya maduka kando ya barabara ya Ggaba. Una paa refu la mabati juu ya kenchi za chuma, hauna dari, na feni zake ziliharibika zamani na hakuna aliyezitengeneza. Kwa watu wa arusi hayo yote ni kasoro. Kwetu ni pepo ndogo. Tumetafuta kwingine. Kule Kyambogo tulipata ukumbi wenye feni nzima na vijana wa mpira wa kikapu. Makindye tulipata wenye popo, na popo waliiona ndege yetu kama mpangaji mpya aliyekuja kugombea chumba. Kansanga tu ndiko tulikoweza kuwaita walimu wa fizikia, tukawaonyesha ndege inazunguka juu kimya kama inawaza, na walimu wakatoka wamenunua. Ukumbi ukiondoka, warsha inaondoka nao. Hesabu hiyo hata Papa Dido aliifanya kwa namba.

Funguo za ukumbi zilikuwa mikononi mwa Mama Proscovia, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, aliyeupenda ukumbi ule kuliko wenye arusi walivyopendana. Sisi alituvumilia. Alituruhusu Jumamosi mchana, kati ya wapambaji na maharusi, kwa sharti tusiguse maua.

Hapa lazima niwape kanuni kubwa ya kazi hii. Kaza mpaka mwisho, kisha rudisha kidogo. Raba iliyojaa pomoni ina hasira. Ukiifunga kwenye ndege hivyo hivyo, ndege itaruka kama mtu aliyeona askari wa jiji, itapanda wima na kugonga paa. Kwa hiyo unaijaza kwanza, halafu unairudisha nyuma kwa keekee, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka hasira itoke na nguvu ndefu ya upole ibaki. Ndege itapanda taratibu, itafika chini ya kenchi, itakaa hapo, kisha itashuka. Urudishe mizunguko mingapi? Hicho ndicho nilichokuwa nalipwa kukijua.

Na Jumamosi moja sikukijua. Tulipima raba Kyambogo asubuhi, mimi nikiwa nimevaa sweta. Mchana tukairusha Kansanga chini ya mabati yaliyopigwa na jua tangu asubuhi. Raba yenye joto inajisokotoa kwa nguvu zaidi. Hilo nilifundishwa mwaka wa pili, na nililijibu vizuri sana kwenye karatasi ya mtihani. Ndege ilipita mahali nilipoitabiria isimame, ikapita na kenchi, ikaingiza pua kati ya chuma na bati, ikakwama. Pangaboi likazuiliwa, raba bado imejaa mizunguko. Tulijaribu kwa mti mrefu, haukufika. Tukajaribu kwa puto lenye uzi, ambalo ndilo tunalotumia kuzisukuma ndege zikipotea njia, nalo likapasuka. Maharusi walikuwa wanakaribia. Tukaondoka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mama Proscovia mwenyewe Jumatatu, akiwa amesimama mlangoni mwa warsha, mikono kiunoni.

"Nyinyi watu ya ndege. Kalibuni mnisikie mimi."

Tulikuwa kwetu, lakini tulikaribia.

Ilikuwa hivi. Muziki ulipoanza, ngoma nzito zikatikisa mabati. Mabati yakatikisa ndege. Ndege ikachomoka, na kwa kuwa raba yake haikuwa imetumika yote, ikaendelea na safari yake pale ilipoishia. Ikazunguka juu ya meza ya bwana na bibi arusi. Mshereheshaji, ambaye hakutaka kuonekana hajui jambo lolote, akatangaza kwamba hiyo ni zawadi ya kushtukiza kutoka upande wa bwana. Upande wa bwana ukapiga makofi kwa kuwa na wao walishtukizwa. Upande wa bibi ukakasirika, kwa nini haukuambiwa ulete ndege. Wakati wanabishana, ndege ikatua juu ya kilemba cha bibi yake bibi arusi, na mzee yule, asihisi kitu, akacheza nayo kichwani mpaka keki ikakatwa.

"Unaona ilivyo nyepesi," Papa Dido akaninong'oneza kwa fahari.

"Unacheka?" akauliza Mama Proscovia.

"Hapana, mama."

"Watu wamenunirana mpaka leo. Wanauriza mimi ndege ilitoka wapi. Sasa sikia. Ssalongo amesema anakuja yeye mwenyewe Jumamosi. Ndege ikigusa paa, hata kidogo namna hii," akatuonyesha ncha ya kucha, "mimi nachukua ufunguo. Na fundi wa dali anaingia Jumatatu."

Ssalongo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Ni cheo wanachopewa Kampala baba wa mapacha, naye alikibeba kama mtu aliyewazaa yeye mwenyewe. Siku nyingi alitaka kuweka dari la chini, jeupe, lenye taa za rangi. Ukumbi ukiwekewa dari hilo, ungeweza kurushia chini yake nzi tu.

Mwenye warsha alipopata habari alituita na kusema neno moja. "Jumamosi." Alikuwa mtu wa maneno machache, na hilo lilitosha kutunyima usingizi.

Wiki ile tulipima kama tunamtahini mkwe. Hatukupima tena Kyambogo. Tulibeba mizani, keekee na raba, tukahamia ukumbini kila mchana, Mama Proscovia akitufungulia shingo upande, ili raba ipate joto lilelile la siku yenyewe. Nilizihifadhi kwenye hotpoti ya chapati, zisipoe njiani wala zisichemke. Binti yangu alifungua hotpoti ile jikoni akitafuta chapati, akaifunga tena bila kusema kitu. Watoto wangu wamezoea.

Tuliua vitanzi tukajua mwisho wao. Kazi iliyobaki ikawa ni kubishana juu ya kurudisha.

"Rudisha nyingi," akasema Papa Dido. "Tuko na shida ya paa, hatuna shida ya chini."

"Ikirudi nyingi haitapanda. Itatembea juu ya vichwa vya kamati kama mbu. Ssalongo atasema huo ukumbi mrefu ni wa nini, si dari liwekwe tu."

"Afazali mbu kuliko dari."

"Papa, mbu ndiye atakayeleta dari."

Akaweka sikio kwenye kitanzi. Nikasoma mizani. Akataja kiasi chake, nikataja changu, tukagawanya katikati kama watu wanaonunua mbuzi. Nimesoma fizikia miaka minne, na maamuzi makubwa zaidi ya maisha yangu ya kazi yalifanywa hivyo.

Jumamosi ikafika. Kamati ilikaa safu ya mbele, akina mama wakiwa wamevaa gomesi na wanaume suti, kwa sababu wengine walikuwa wanabaki kwa arusi ya jioni. Tulifunga milango na madirisha ili upepo usiingie. Baada ya muda mfupi Ssalongo alitoa leso.

"Hajati, mnarusha ndege au mnatupika?"

"Kidogo tu, Ssalongo. Upepo ukiingia ndege inapotea."

"Mimi ndiye nitapotea."

Papa Dido alishika ncha moja ya kitanzi kwenye kulabu, mimi nikarudi nyuma na keekee nikikivuta mpaka kikafika karibu mara tano ya urefu wake. Nikaanza kusokota huku nikimsogelea taratibu. Kuna kitu katika raba inayojaa kinachonyamazisha watu. Kila mtu anajua kwamba itakatika, na hajui lini. Haikukatika. Nikaijaza pomoni, kisha nikairudisha kiasi tulichogawana, tukaifunga kwenye ndege. Papa Dido aliinua mkono na kufungua vidole. Harushi kamwe. Anafungua tu vidole, kama anayeachia ndege hai.

Ikapanda. Vijana, nimeziona nyingi, lakini ile nitaikumbuka. Ilizunguka ukumbi kwa utulivu, pangaboi likigeuka polepole kiasi kwamba ungeweza kuliona kila likipita, na kila mzunguko ilipanda kimo cha kiganja. Nilikuwa nimeweka alama ya macho yangu kwenye nguzo, chini kidogo ya kenchi. Ikafika kwenye alama. Ikasimama hapo hapo, ikaanza kuzunguka bila kupanda wala kushuka. Mama Proscovia, aliyekuwa amepanda kiti ili alione paa vizuri, akashusha pumzi. Nilimgeukia Papa Dido nikamwonyesha mizani. Naye akanionyesha sikio lake.

Ndipo mlango wa pembeni ukafunguliwa kwa kisigino, na wapishi wa arusi wakaingia.

Hatukuwa tumefikiria wapishi. Tulikuwa tumefikiria joto la raba mpaka tukaibeba kwenye hotpoti, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria joto la hewa. Waliingia na masigiri yenye makaa mekundu, wakayapanga ukutani, wakaweka juu yake masufuria ya matoke, pilau, nyama na mchuzi wa karanga, wakaanza kufunua moja moja kuangalia kama vyakula vimefika salama. Mvuke ukapanda. Hewa moto inapanda juu, hilo nalo nililijibu vizuri kwenye mtihani.

Ndege ilizunguka mara moja zaidi, ikapita juu ya pilau, na nikaiona inainuliwa kama mtoto anayenyanyuliwa na mjomba.

"Inapanda," nikasema.

"Haipandi," akasema Papa Dido. "Inanusa."

Ikapinda, ikarudi juu ya masufuria, ikapanda tena. Ikapita alama yangu. Mama Proscovia akaanza kupiga kelele juu ya kiti.

"Funikeni! Nyinyi wapishi, funikeni nyama!"

"Nyabo, tunaangaria chumvi!"

"Hapana angaria! Funika!"

Na hapo ndipo Ssalongo alipotuacha wote. Alikuwa amesimama, leso mkononi, shingo imepinda nyuma, koti limefunguka, uso wake umekuwa wa mtu ambaye hajawahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote.

"Acheni!" akanguruma. "Msifunike! Iko juu bado! Mnaiona? Acha nyama wazi!"

"Ssalongo, itagusa paa!"

"Wachana na paa, iko inaruka bila kitu! Ongezeni makaa!"

Wapishi walibaki wameshika vifuniko, hawajui wamtii mwenye ukumbi au mwenye ufunguo. Kamati ikagawanyika. Mama mmoja wa gomesi akasema wafunike matoke tu. Mwingine akataka mlango ufunguliwe, na Ssalongo akamwambia akifungua mlango asihudhurie mkutano tena. Ndege ilifika chini ya kenchi. Bawa lake likapita karibu na chuma kiasi kwamba kutoka chini hukuona nafasi kati ya viwili hivyo. Niliushika mkono wa Papa Dido. Naye, aliyepaswa kunituliza, alikuwa anausokota wangu.

Mama Proscovia aliruka kutoka kwenye kiti, akavamia masufuria mwenyewe, akayafunika moja baada ya jingine kwa kishindo, pilau, matoke, nyama. Kila kifuniko kilipogonga, ndege ilishuka kidogo. Ikabaki sufuria ya mchuzi wa karanga. Kifuniko chake hakikuonekana. Mpishi alikuwa amekigeuza sinia la vitunguu na kukiacha nje. Mvuke wote uliobaki ukumbini sasa ulitoka kwenye sufuria moja, na ndege, isiyojua njia nyingine, ikaanza kuuzunguka mvuke huo kwa duara dogo, ikishuka, pangaboi likigeuka kwa uvivu, halafu nusu, halafu likasimama. Ikateleza hewani bila sauti yoyote. Tulisogea wote pamoja, kamati, wapishi na sisi, tukiwa tumenyoosha mikono na hatuthubutu kuigusa.

Ikatua katikati ya mchuzi, kwa upole, magurudumu mbele, kama ilivyofundishwa.

Nikafanya nilichokuwa nafanya kila mara ndege inapotua. Nikaiinua, nikaifungua raba kutoka kwenye pangaboi, na mikono ikiwa imejaa karanga nikaanza kuhesabu mizunguko iliyobaki, kwa sababu mizunguko iliyobaki ndiyo inayokuambia kama ulikaza sawasawa.

"Anafanya nini huyu?" akauliza Mama Proscovia.

"Iko anahesabu," akasema Papa Dido. "Acha amalize. Akiachia katikati atalia."

Ilibaki michache, legevu, isiyoweza kugeuza kitu. Tulikuwa tumegawanya vizuri. Nikainua kichwa kusema hivyo, nikakuta hakuna anayejali. Wote walikuwa wanamtazama Mama Proscovia, na Ssalongo alikuwa anajifuta jasho na kujaribu kurudi kuwa mwenyekiti.

"Basi," akasema, "Proscovia. Wewe ndiye ulikuwa juu ya kiti. Uliona. Imegusa?"

Mama Proscovia alitazama juu, kenchi moja baada ya nyingine, mabati yote, polepole. Kisha akatazama sufuria. Mchuzi ulikuwa na alama ya mabawa, wazi kabisa, kama ndege imepigwa picha. Alimtazama Papa Dido, akanitazama mimi na mikono yangu.

"Mimi nilisema paa," akasema. "Muchuzi, mimi hapana sema."

Fundi wa dari hakuja Jumatatu, na hajaja mpaka leo. Ssalongo alituagiza ndege mbili, pacha, kwa sherehe ya binti yake, na akataka kujua ni mchuzi gani unaopandisha vizuri zaidi. Mchuzi wenyewe uliliwa wote jioni ile. Bwana arusi hakuambiwa na sisi, na mimi sikuambiwa kama aliambiwa na wengine.

Siku hizi mna mizani ya umeme na simu inayochora mstari wa nguvu yenyewe, na Papa Dido, aliyerudi kushona, bado anakuja Jumamosi kuiwekea sikio ile simu ili mumkasirikie. Mruhusuni. Kaza mpaka mwisho, rudisha kidogo, lowanisha fundo, vaa miwani. Na mkifika Kansanga, kabla hamjafungua sanduku la raba, piteni kwanza nyuma mkaulize wanapika nini.